Dawa ya Kunguni Ndani ya Chungu cha Makande

Koleta alikuwa na tabia moja iliyowaudhi waliomkaribisha na kuwachekesha wageni: hakunywa kitu bila kukinusa, na kabla ya kunusa kinywaji alinusa chombo. Ukimpa chai pale Mamba, juu milimani Upare, alipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, kisha akakipitisha chini ya pua taratibu kama mnunuzi wa tumbaku. Walimwita Koleta Pua. Hakukasirika hata kidogo. Alisema pua ndiyo iliyomlisha usichanani, na ni kweli, maana kabla ya kuolewa alikuwa mwosha vyombo kwenye zahanati ya misheni kwa miaka minne.

Huko zahanati kulikuwa na dresa mmoja mkali, msaidizi wa daktari mwenye kazi ya kufunga vidonda, mtu wa maneno machache na sabuni nyingi. Yeye ndiye aliyemfundisha kwamba dawa ikimwagikia chombo, kuijua dawa peke yake hakutoshi, ukijue na chombo kimetengenezwa kwa kitu gani. Beseni la bati ambalo rangi yake haijabanduka husafishika. Mti hunywa. Udongo hunywa zaidi ya mti, tena hunywa kimya kimya. Koleta aliyashika hayo kama wengine walivyoshika katekisimu, na alipoolewa na Aminieli aliyaleta jikoni pamoja na sanduku lake la nguo.

Jiko lenyewe lilikuwa la mama mkwe wake, Ernesta, na ndani ya jiko hilo mfalme alikuwa chungu kimoja kikubwa cha udongo. Kilifinyangwa Usangi, kule upande wa kaskazini wa milima, na mama yake Ernesta alikibeba kichwani siku tatu mpaka Mamba bila kukigonga popote. Kilichukua makande, yale mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharage, ya kushibisha watu thelathini kwa mpiko mmoja. Kijiji kilipoitana msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kwenda kuzoa tope katika ndiva, lile bwawa dogo la kuhifadhia maji ya kumwagilia mashamba, chakula kilipikwa kwa Ernesta, ndani ya chungu hicho, na hakuna aliyewahi kukipeleka kwingine. Mgongo ulipoanza kumsumbua, Ernesta aliwaita wanawake wenzake, akamkabidhi Koleta chungu mbele yao. Koleta alilia siku ile, na hakuona haya kusema kwamba alilia.

Basi mwaka ule wa 1953, ambao watoto wa shule walipewa vikombe vya bati vyenye picha ya taji kwa ajili ya kutawazwa kwa malkia wa Waingereza, nyumba ya Aminieli iliingiwa na kunguni. Waliingia kwa wingi na kwa kujiamini, wakakalia kila ufa wa kitanda. Aminieli alishuka Same kwa miguu na lori, akarudi na chupa ya dawa ya maji, nzito, rangi ya chai ya rangi, yenye harufu ya mafuta ya taa na kitu kingine kikali nyuma yake. Mwenye duka alimwambia aipake kwenye nyufa za kitanda na asiiguse kwa mkono mtupu. Aminieli alipaka. Kunguni wakafa, naye akatembea siku mbili kifua mbele.

Kosa lake lilikuja baadaye, na lilikuwa kosa la Mpare mwenye akili timamu. Kila jiko la huko lina dari ya miti juu ya mafiga, na kila kitu ambacho mtu hataki kiharibike hupandishwa huko kikaushwe na moshi: mbegu za mahindi, maharage, ngozi, vyeti vya ubatizo. Dawa ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, nayo aliiona mali. Akaiziba chupa kwa gunzi la hindi, akailaza darini kati ya mbegu. Joto la moto na meno ya panya vikafanya kazi yao. Jumatatu asubuhi Koleta aliingia jikoni, akasimama mlangoni, na kabla macho hayajazoea giza pua ilikuwa imeshamwambia kila kitu.

Dawa ilikuwa imedondoka kutoka darini na kuvinyeshea vyombo vyote vilivyopangwa chini. Chungu kikubwa kilikuwa kimeshushwa jana yake kwa ajili ya msaragambo wa Alhamisi, kimekaa mdomo wazi pale katikati, nacho kikapokea fungu kubwa kuliko vyote. Kitako chake kilikuwa na maji ya rangi ya chai, kiasi cha vikombe viwili.

Aminieli aliitwa, akakuna kichwa, akasema kwamba kwa kweli ile ilikuwa dawa ya kunguni, siyo ya watu. Koleta alimjibu kwamba kunguni nao walikuwa wazima kabla hajaipaka. Hapo Aminieli akaona ni heri aende akateke maji.

Kazi ilianza bila kelele. Koleta alizima moto kwanza, kwa sababu dawa yenye mafuta ya taa na makaa havikai chumba kimoja. Mbegu zilizolowa alizitenga, hata kuku wasizipate. Akajifunga matambara mikononi, akavitoa vyombo vyote nje, mbali na mfereji, kwa kuwa maji ya mfereji hunywewa na walio chini. Akamwambia Aminieli achimbe shimo kule kwenye mawe ambako hakulimwi, na kila maji ya kuoshea yamwagwe humo. Kisha akaketi juu ya kigoda na kuvihukumu vyombo kimoja kimoja.

Sufuria mpya ilioshwa kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, ikanuswa, ikaachiliwa huru. Sufuria ya zamani yenye kiraka ilioshwa vivyo hivyo, lakini harufu ilijificha kwenye kingo za kiraka na haikutaka kutoka, kwa hiyo ikahukumiwa kubeba majivu maisha yake yote, na ikatobolewa ili mtu asije akaisamehe siku ya haraka. Kikombe cha taji cha binti yao Yudith kilisalimika. Bakuli mbili za bati zilizobanduka ndani zilienda shimoni. Miiko na vibuyu havikuoshwa hata mara moja. Aminieli alitaka kuvichoma, Koleta akamwambia moshi wake wataunusa wao, wavifukie. Kibuyu kimoja Aminieli alikuwa akikipenda sana kwa kunywea togwa, akakifukia kwa uchungu wa mtu aliyefiwa.

Kikabaki chungu.

Ernesta alikuwa amefika wakati huo, amekaa chini ya mgomba na kifuko chake cha ugoro. Kanisa lilikataza ugoro, lakini habari hiyo ilikuwa bado haijamfikia. Alitangaza kwamba chungu kitaoshwa na kitapona, kwa kuwa kimeona mengi. Koleta hakubisha. Alikisugua kwa majivu na mchanga, akakisuuza, akakijaza maji safi na kukichemsha pale uani, yeye amekaa upande upepo unakotoka. Maji yalipochemka, juu yake palitokea utando mwembamba wenye rangi rangi. Akayamwaga shimoni, akaanza upya. Jumanne jioni, baada ya kuchemsha mara ya nne, maji yalikuwa maangavu na hayanuki. Ernesta aliinama, akavuta pumzi ndefu kwa pua iliyojaa ugoro, akatoa hukumu kwamba kimepona.

Koleta aliacha maji mengine safi ndani yake mpaka asubuhi. Jumatano alikwenda kuangalia peke yake, kwa maana alikitaka kile chungu kipone kuliko alivyotaka kitu chochote mwaka ule. Utando ulikuwa umerudi. Ulikuwa mdogo, wa kutafuta kwa jicho, lakini ulikuwepo.

Ernesta alisema hayo ni mafuta ya makande ya miaka arobaini, udongo unayatoa kidogo kidogo. Na hapo Koleta alikwama kweli, kwa sababu inawezekana ilikuwa hivyo. Pua yake yenyewe haikuwa na uhakika. Mara ilinusa dawa, mara ilinusa maharage. Kijiji nacho kilikuwa hakijalala. Jumatatu ilisemwa kwamba kwa Aminieli dawa imemwagika. Jumanne ikawa kwa Aminieli kuna sumu chunguni. Jumatano asubuhi jirani yake Lydia alikuja kumwambia, huku akiangalia miguu yake, kwamba wengine wanauliza sumu hiyo ilikuwa imewekewa nani. Neno hilo milimani si mchezo. Mwanamke akishasemwa hivyo, watoto wake hawapewi hata ndizi njiani.

Kama angepika ndani ya chungu kile kile cha siku zote, huenda watu wangetulia. Hilo Ernesta alilisema waziwazi: pika humu, watu wakione, maneno yataisha.

"Mama," Koleta alisema, "mimi sijui kama kimepona."

"Hujui kama ni kibovu pia."

"Sijui. Na nisichokijua siwezi kuwapakulia watu wenye watoto."

Akaingia ndani, akatoka na mchi wa kinu. Alipiga mara moja tu, kitako, na chungu kikafunguka vipande vitano kwa sauti ndogo kuliko alivyotegemea. Hakutaka kibaki kizima, maana chungu kizima, hata kikiwekwa pembeni, siku moja mtu atapikia humo. Ernesta alinyanyuka bila kutegemea fimbo. Aliondoka kwenda nyumbani kwake, na jioni Koleta alipompelekea shikamoo haikupokelewa. Koleta alirudi akakaa jikoni kwenye giza akajiona mpumbavu, mharibifu wa vitu vya watu, na hata Aminieli alipomwambia kwamba kosa ni lake yeye na gunzi lake, haikusaidia.

Alhamisi alipika kwenye sufuria tatu kubwa za kuazima shuleni. Alizinusa zote mbele ya mwalimu, naye mwalimu akavumilia. Makande yalichanganyika vizuri, maharage yakapasuka inavyotakiwa, na saa sita vijana wakambebea mpaka ndivani.

Kulikuwa na watu kama sitini, tope mpaka magotini, wakiimba na kutaniana. Manase, msimamizi wa maji, alipiga filimbi ya chakula. Siku zote filimbi hiyo ilikuwa na kishindo cha miguu nyuma yake. Leo hapakuwa na kishindo. Watu ambao kwa kawaida husikia harufu ya maharage wakiwa bado nyumbani kwao, leo walikumbuka kwamba kuna tope limebaki pembeni, wakarudi kulizoa kwa bidii ya ajabu. Koleta alifanya kama ilivyo desturi, akachota kijiko kwa kila sufuria, akala mbele yao. Wakamwangalia akimeza. Hakuna aliyesogea, na Manase mwenyewe akaanza kukagua mlango wa ndiva ambao alikuwa ameshaukagua.

Koleta alisimama na upawa mkononi. Alikuwa anatafuta namna ya kufunika sufuria na kuondoka bila kuonekana analia, alipoona watu wanapisha njia. Ernesta alikuwa anashuka kilimani kwa fimbo, polepole, mgongo umepinda, na kwapani amebana sahani yake mwenyewe. Alikuwa hajafika ndivani tangu mgongo ulipomshinda. Alikuja mpaka mbele ya sufuria, akapumzika kidogo, akawageukia wote waliosimama topeni.

"Nasikia mnauliza sumu ilikuwa ya nani," alisema. "Ilikuwa ya kunguni, na aliyeiweka darini ni mwanangu niliyemzaa mwenyewe. Huyu amekivunja jana chungu cha mama yangu, mbele ya macho yangu. Nilimwambia kimepona, akasema hajui, akakivunja ili nyinyi msile asichokijua. Nimemkasirikia, na bado nimemkasirikia." Akamnyooshea Koleta sahani. "Nipakulie."

Koleta akapakua, akaijaza sahani hata punje nyingine zikaanguka chini. Ernesta aliketi juu ya jiwe, akala bila haraka kijiko baada ya kijiko, na watu sitini wakimtazama taya. Alipofika katikati ya sahani akasema chumvi ni kidogo. Manase alicheka wa kwanza, akachomoa miguu topeni, akaja kunawa mikono, na wengine wakaja nyuma yake wakisukumana kama siku zote. Saa nane sufuria zote tatu zilikuwa tupu, na Koleta mwenyewe hakupata zaidi ya vile vijiko vitatu alivyoonja.