Ganda la Nne
Fundi bunduki yule hulamba kidole gumba, hutoa hukumu, ndipo huvaa miwani. Siku ya mazishi ya Orrin alisimama kanisani na kipande cha keki mkononi, akawatangazia watu kuwa marehemu alikuwa akijaza risasi zake baruti mwenyewe, tena kwa papara. Kwa hiyo Verna, dada wa marehemu, alimpelekea bunduki yenyewe, ile ya kukoki kwa wenzo, pamoja na maganda matatu ya risasi yaliyopasuka ubavuni. Fundi aliyachezea kiganjani kama karanga.

“Baruti nyingi, dada. Nilisema.”

“Hujayatazama, mzee.”

“Miaka thelathini humu, nitazame nini tena?”

Verna alimkumbuka kaka yake akipima baruti chembe kwa chembe, midomo ikisali. Alimwomba Mungu amfunge yeye mwenyewe ulimi. Mungu hakuufunga.

“Basi piga risasi ya dukani, tuone!”

Fundi alitoka uwani akiguna, akafyatua risasi moja mpya kwenye lundo la mchanga, akavuta wenzo. Ganda liliruka thelujini. Verna aliliokota likiwa bado moto, nalo lilikuwa limepasuka ubavu ule ule.

“Chemba ya risasi imepanuka,” fundi alinong’ona. “Risasi inakaa kwa kulegea. Kuna mtu aliipekecha mno.”

“Mwaka jana kaka alikuletea wewe bunduki hii uitoe kutu.”

Fundi alivaa miwani.

“Jumapili njoo mapema,” Verna alisema. “Kanisani ulimsema, kanisani utamsafishia jina. Keki nitaleta mimi.”