Mzungu Aliyejificha Nyuma ya Jiwe

Nimejicheka mwenyewe, sasa nanyi nichekeni. Tajiri wangu Karimbhai, muuza nguo hapa Mwanza, alipata kamera kuukuu ya kuzungusha kwa mkono, akatunga senema ya kututania sote: Mhindi bahili, Mhaya mwenye majivuno, na Mzungu asiyemsalimu mtu. Mzungu nilikuwa mimi, Msukuma mzima, uso umepakwa unga na kofia ya kizungu imenishuka hadi puani. Mkanda ulikuwa mmoja tu, hakuna kurudia.

Basi naringa ufukweni, kamera inazunguka, mara mama mkwe huyo anakuja na kapu la samaki! Kwetu mkwe hukutani naye uso kwa uso. Kabla sijafikiri, Bwana Mkubwa nimeruka nyuma ya jiwe, nimejikunyata, kofia inabiringika ziwani.

"Umeniharibia senema!" Karimbhai alifoka.

Jumamosi tuliionyesha kwenye shuka, ukutani mwa duka. Nilipojificha tu, umati ukaangua kicheko. Karimbhai alicheka hadi machozi, akairudisha tena. Nami nyuma ya watu nikavimba kichwa, nikijua unga umenificha.

Ndipo mama mkwe akasimama kule mbele:

"Mzungu gani ana adabu hivyo? Huyo mkwe wangu!"