Oili ya Gari Lisilo na Rejeta

Gari lenyewe lilishushwa Nachingwea kutoka juu ya lori, na lilikuwa fupi kiasi kwamba jogoo wa jirani alilivuka bila kuruka, akanyanyua mguu tu. Vijana wa bodaboda waliliacha stendi wakaja kulitazama. Wakafungua mbele kutafuta injini, wakakuta tairi la akiba na kitambaa cha kufutia vioo. Mmoja akaapa kwamba Wazungu wamesahau kuitia. Kumbe injini ilikuwa nyuma, imelala kama mamba, haina rejeta wala mpira wa maji. Feni kubwa tu, na pembeni konokono la chuma wanaloliita tabo, ambalo kazi yake ni kuisukumia injini pumzi mpaka gari litake kuruka.

Mwenyewe alikuwa mzee Eustace, baba yake Marselina, mtu wa Ruangwa aliyefanya kazi miaka thelathini kwa Mjerumani mmoja Dar. Mjerumani alipokufa akamwachia gari hilo. Eustace alitaka jambo moja: abadilishiwe oili iliyozeeka, kisha aliendeshe kwa mkono wake mpaka nyumbani. "Injini hii ikifa huku kwetu, imekufa," alisema. "Spea yake hamna kuanzia hapa mpaka Songea."

Gereji alikolileta ilikuwa ya marehemu Nurdini. Mjane wake ni Nasma, mzaliwa wa Mbekenyera, aliyejifunza ufundi kwenye mashine za kupulizia salfa mikorosho, zile za kubebwa mgongoni. Huko kwao wanasema siku moja aliitengeneza mashine kwa pini ya nywele ikiwa mgongoni mwa mwenyewe, inanguruma, na yule bwana anatembea. Alifika mwisho wa shamba bila kujua kwamba alikuwa na fundi nyuma. Nurdini aliisikia habari hiyo akaenda kuposa. Alipofariki, mdogo wake Swalehe alishika funguo za gereji, na tangu hapo Nasma aliachiwa mashine za salfa na pikipiki. Magari, alisema Swalehe, ni kazi ya wanaume.

Ubishi ulianzia kwenye makopo. Eustace alikuja na oili ya Dar, mpya, nyepesi kama chai ya rangi. Swalehe akalipokea kopo kwa mikono miwili kama anayepewa mtoto mchanga.

"Gari la heshima, oili ya heshima. Hii ndiyo wanayotia magari mapya yote."

"Magari mapya yana maji, shemeji," Nasma akasema. "Hili halina. Hapa oili ndiyo oili, na ndiyo maji."

"Nani kakuuliza? Rudi kwenye mashine zako za mgongoni."

"Na hili ni mashine ya mgongoni, limeongezewa viti tu. Yote yanapozwa na upepo."

Vijana wakacheka, Eustace hakucheka. Nasma akaweka mfuniko wa sufuria juu ya jiko la mkaa mpaka ukapata moto, akauinamisha, akadondosha tone la oili ya Dar, na kando yake tone la ishirini hamsini, oili nzito iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya injini za zamani. Tone la Dar lilishuka mbio likaacha bati tupu. Lile zito lilishuka kwa kujivuta, likiacha utando nyuma yake.

"Tabo hii inawaka mpaka inakuwa nyekundu, baba Marselina. Utando huu ndio utakaobaki kati ya chuma na chuma."

Eustace aliutazama mfuniko kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Tia hiyo nzito. Lakini utapanda na mimi mpaka Ruangwa. Ikifa njiani..."

"Ikifa njiani anavua ovaroli," Swalehe akadakia. "Anaweka spana zote mezani, na hapa gereji hatii mguu tena. Umekubali, shemeji?"

Stendi nzima ilikuwa inasikiliza. Nasma akasema amekubali.

Jioni ile alimwaga oili ya zamani, akatia nzito, akaiwasha injini kidogo, akaona dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, imelowa pale panapotakiwa. Akaenda kulala na moyo mweupe.

Sasa, mafundi wote wa Nachingwea wana desturi moja: oili hupimwa alfajiri, injini ikiwa baridi kama jiwe la kisima. Nasma alifundishwa hivyo na marehemu mumewe, na hajawahi kukosea. Alfajiri akachomoa dipstiki. Kavu! Akaifuta, akairudisha, akachomoa tena. Kavu kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Akalala chini kutazama kama kumevuja. Ardhi haina hata tone. Hapo angemwita Eustace, waulizane. Lakini Swalehe alikuwa anakuja, mswaki mdomoni, na kumuuliza mtu chochote mbele ya Swalehe ilikuwa ni kuvua ovaroli kabla ya safari. Akamimina lita mbili upesi upesi, akafunga, akafuta mikono.

Wakaondoka. Eustace alishika usukani, Nasma alishika macho yake kwenye geji mbili, ya joto na ya presha ya oili. Gari lilikwenda kwa mlio wa mzinga wa nyuki waliochokozwa. Kila alipokanyaga mafuta, tabo iliitika nyuma yao, na nguzo za umeme zikawa zinapita kama meno ya kitana. Joto lilipanda, presha ikatulia. Nasma alikuwa hajavuta pumzi tangu Nachingwea.

Walipoanza kupanda mlima, kioo cha nyuma kikawa cheupe.

"Nasma! Nini hicho?"

Moshi! Moshi wa buluu, mzito, umefunika barabara na mikorosho ya pande zote mbili. Wanasema hata ndege walishuka wakidhani usiku umeingia. Eustace akapeleka gari pembeni, mahali palipo tambarare, mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

"Usizime!" Nasma akamshika mkono, mwanamume mtu mzima, bila kuomba radhi. "Kaa hivyo hivyo. Niache nifikiri."

Presha ilikuwa nzuri. Chuma hakigongi. Jana jioni oili ilikuwapo, alfajiri haikuwapo, chini haikumwagika. Basi ilikwenda wapi, kama siyo ndani? Akashuka mbio, akafungua nyuma, akaitazama ile injini na tangi la oili lililokaa peke yake pembeni, akaelewa. Injini ikizimwa, oili inateremka kutoka kwenye tangi inakwenda kulala tumboni. Ikiwashwa, inapandishwa tena. Gari hili hupimwa likiwa la moto, linanguruma. Akachomoa dipstiki pale pale. Oili ilikuwa imepita alama zote, inamchungulia shingoni mwa tangi. Iliyozidi inavutwa na tabo na kuchomwa.

Angeweza kusema kopo lilikuwa bovu. Eustace asingejua.

"Ni mimi," akasema. "Oili ni sawa, kipimo ndicho nilichokosea. Nilipima ikiwa baridi, nikaongeza lita mbili, sikukuambia. Tusipozitoa, itaendelea kuungua."

Eustace akatoa kichwa dirishani. "Utazitoa kwa nini? Kwa kijiko?"

Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka, na mchungaji wake, Kashinje, Msukuma aliyehamia kule na familia yake, akasogea huku amejiziba pua kwa mgolole.

"Mnapika nini humo, dada? Ng'ombe wangu wanakohoa kama wazee."

Kiunoni kwake lilining'inia bomba la kunyweshea ng'ombe dawa, refu kama mkono, na mpira wake. Nasma alilitazama kwa macho ya mwenye njaa.

"Kaka, niazime hilo bomba. Oili nitakayoitoa ni yako, ukawapake ng'ombe kupe wasiwaume."

"Mpya?"

"Mpya kabisa."

"Basi toa yote!" akasema Kashinje, akaleta debe la bati.

Nasma akavuta, akamimina, akavuta, vidole vikiungua, injini ikinguruma mbele ya kifua chake. Kila baada ya mabomba manne alipima. Mara ya tisa oili ikasimama katikati ya alama mbili. Akafunga.

Eustace alikanyaga mafuta. Moshi ukatoka, ukapungua, ukatoka tena. Nasma alihesabu kimoyomoyo mpaka hesabu ikampotea. Halafu mabomba ya eksozi yakabaki na hewa tupu inayotetemeka kwa joto.

Waliingia Ruangwa geji zimetulia. Eustace hakuzima gari, alimwachia Nasma apime tena mbele ya nyumba, kisha akasema, "Spana zako zishike. Ila siku nyingine niambie kabla ya mlima."

Nasma alimpigia Swalehe mwenyewe, kabla vijana wa bodaboda hawajampelekea habari. Akamweleza yote, lita mbili, moshi na bomba la ng'ombe.

"Shemeji," Swalehe akasema, "lile tangi umesema linapimwaje? Anza mwanzo, polepole. Natafuta kalamu."