Maisha ya Baragumu, Aliyesindikizwa na Mji Mzima

Alizaliwa Jumapili ya Matawi, mama yake akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye maandamano, tawi bado liko mkononi. Baba yake alikuwa fundi bati mwenye karakana nyuma ya soko, akiziba ndoo na mabirika, na siku moja mteja alimwachia tarumbeta lililopondeka, asirudi tena kulichukua. Fundi akalinyoosha, akalitia lehemu, akampa mwanawe, akidhani mtoto atalichoka baada ya juma moja. Hakulichoka. Waliochoka ni majirani. Kabla sauti yake haijavunjika, kijana alikuwa anapiga kila wimbo wa kanisani na nyingine nyingi zisizo za kanisani, na mtaa ukambandika jina la Baragumu. Hata padri alimwita hivyo mpaka mwisho. Jina lake la ubatizo wanalikumbuka wachache.

Alipojiunga na bendi ya harusi, wakubwa zake walimpa bia ya kwanza, eti ailainishe midomo. Alikuwa mcheshi tangu zamani, na pombe mwanzoni ilimzidishia ucheshi. Watu wakaamini, naye akaamini pamoja nao, kwamba utamu wa tarumbeta lake ulitoka kwenye chupa. Miaka ikaenda hivyo, hadi pombe ikawa haimchangamshi tena, inamzuia tu asitetemeke. Siku ya ndoa ya dada yake wa pekee, ambaye Baragumu alimwahidi kumwingiza ukumbini kwa muziki, alilala fofofo nyuma ya jukwaa. Bibi harusi alisimama mlangoni akangoja weee, mwishowe akaingia kimya, akisikia viatu vyake mwenyewe. Kesho yake alimfuata kaka yake nyumbani. Hakumgombeza. Alimwambia, "Kaka, wewe si mtu mbaya, nakujua. Lakini unakufa, na mimi sitaki kukuzika." Baragumu alisimulia baadaye kwamba maneno hayo yalimwingia kuliko mahubiri yote aliyowahi kuyasikia, ingawa alikiri kwamba mahubiri mengi aliyasikia akisinzia.

Alijaribu kuacha pombe siku ileile, kwa kujifungia chumbani na rozari yake, kwa kuwa majirani walimwambia kwamba mwanamume wa kweli akiamua ameamua. Kesho yake mchana alikuwa anatapika, mwili unatikisika, anaona wadudu ukutani. Dada yake akamkimbiza kwenye kliniki ya barabara kuu, ile yenye mlango wa kijani unaotazamana na soko, ambao watu waliuita mlango wa walevi. "Sista," alimwambia muuguzi, "mimi sina ugonjwa. Sina msimamo tu." Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, akamshika mkono. "Msimamo unao, maana umesimama hapo na hali hiyo. Wewe ni mgonjwa, kaka yangu. Lala kitandani." Akatibiwa kwa dawa, na baada ya dawa yakafuata mazungumzo ya wiki hata wiki. Padri alimpelekea Ekaristi, na waliomuuliza kwa nini sala peke yake hazikutosha aliwajibu kwamba hata yeye alipovunjika mguu waliombea mguu, kisha wakaufunga.

Majaribu yakaanza alipopona. Bendi ilimkataa: bila kinywaji, walisema, huyu ni bomba la maji tu. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mkali aliyekaa wima hata kwenye kochi, alitamka mbele ya watu kwamba mlevi ni mlevi, hapulizi mbele ya altare. Akienda kutembelea watu, alisikia chupa zikigongana zikifichwa kabatini. Wengine walimhurumia, wakidhani furaha yake imeisha. Harusi ya kwanza aliyoalikwa baada ya hapo, mjomba wa bwana harusi alimtilia kileo kwenye soda ili kumchangamsha. Baragumu alikitambua kwa funda la kwanza, na glasi hakuiweka chini. Alikunywa kwa siku kadhaa, na mtaa ukapumua kwa raha ya kusema, si tulisema!

Alirudi kliniki kwa miguu yake, saa za soko, watu wakimtazama. "Sista, nimeanguka." Muuguzi hakushtuka. "Ulipoinuka ulielekea wapi?" "Huku." "Basi kaa, tuendelee tulipoishia." Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, aliomba ruhusa akasimama mbele. "Ndugu zangu, mimi ni mlevi ambaye leo hajanywa. Nikija kwenu msifiche chupa kama mnamficha paka nyama. Nipeni chai, tena muweke sukari ya kutosha. Na anayedhani sina furaha, hebu anisikilize." Akaliinua tarumbeta. Noti ya kwanza ilikwaruza, watoto wakacheka, naye akacheka nao. Ya pili ilipanda ikajaza paa, na wazee waliomjua tangu karakana ya baba yake walisema hawakuwahi kumsikia akipiga hivyo.

Baada ya misa, mwenyekiti wa kwaya alimfuata nyuma ya sakristia, huku akitazama huku na huku. Alikiri kwamba chupa ya chai aliyokuja nayo mazoezini kila mara haikuwa na chai. Angeenda kliniki, alisema, ila ule mlango unatazamana na soko zima, afadhali afe. Baragumu hakumkumbusha alichowahi kusema. Alifikiri kidogo, akatabasamu. "Mama Mwenyekiti, mimi keshokutwa ninakwenda kwa Sista. Twende wote. Wakiuliza, sema unamsindikiza mlevi. Wala hutakuwa umedanganya." Wakaenda, mama mbele na uso wake mkali, Baragumu nyuma kainamisha kichwa, na wauza nyanya wakamsifu mama kwa moyo wake wa huruma.

Hiyo ndiyo ikawa kazi ya maisha yake. Kwa muda wa miaka mingi alionekana kila juma kwenye mlango ule wa kijani, akishikwa mkono na mtu mwenye heshima zake. Mji ukaamini kwamba haponi. "Ameanza tena," walisema, naye aliwavulia kofia. Dada yake, aliyejua ukweli, aliumia sana. "Kaka, wanakudhalilisha bure." Akamjibu, "Dada, jina langu lilishachafuka. Acha lifanye kazi." Jioni alipiga tarumbeta kwenye harusi, maana wachumba sasa walimgombania, akicheza na mabibi wazee hadi viatu vikamwisha soli.

Alifariki uzeeni, Juma la Pasaka, kwa moyo uliochoka, dada yake akiwa kando. Kwenye mazishi bwana mmoja alinong'ona kwa sauti iliyosikika kwamba alikuwa mtu mwema, ila pombe haikumwacha. Muuguzi, aliyekuwa amestaafu, akasimama. "Tangu aliporudi kwangu baada ya ile harusi, hakugusa hata tone." Watu wakaguna: mbona kila wiki alikuwa kliniki? Muuguzi akaketi, maana jibu halikuwa lake kulitoa. Ndipo mwenyekiti wa kwaya, mzee sasa, mgongo bado wima, akainuka. "Alikuwa ananisindikiza mimi." Kisha mwenye bucha akasema, "Na mimi." Mwalimu mkuu: "Mimi pia." Wakaendelea kuinuka, huku mmoja, huku mwingine, wakitazamana kwa mshangao, mpaka mtu mmoja akaangua kicheko, na kicheko kikaenea, kikachanganyika na machozi, na padri mwenyewe akashindwa kumaliza sala kwa kucheka. Waliokuwepo huuhesabu huo kuwa mwujiza wake mkuu.

Waamini wa parokia humwita mtakatifu, ingawa Kanisa bado halijatamka lolote. Anayetaka kumwiga hahitaji tarumbeta. Aanze kwa kutomwita aliyeanguka mnafiki, na kwa kuacha kumwonea huruma anayekunywa soda harusini. Dada yake, bibi wa wajukuu sasa, hukaa kwenye benchi la kliniki na ufumaji wake, na kumuuliza kila anayeingia kama angependa mtu wa kumsindikiza. Wengi humwambia hapana, bibi, asante, siku hizi siogopi. Kisha hukaa naye hata hivyo, wakapiga soga mpaka waitwe.