Abiria Thelathini na Wawili Wenye Njaa

Asubuhi ile abiria thelathini na wawili walishuka kwenye meli yetu wakiwa na njaa, na aliyewaambia wasile ni mimi.

Mimi, ambaye kazi yangu melini ni kuhakikisha watu wanakula.

Naitwa Greisy Norales, Mgarifuna, wale watu weusi wa pwani wenye lugha yao, wa kijiji cha Punta Gorda, kisiwa cha Roatán. Nilimaliza chuo kule La Ceiba, masomo ya utalii. Niliandika kurasa themanini nikieleza jinsi watalii wanavyoweza kukaa kwenye meza za wanakijiji na kula nao, badala ya kupita tu wakipiga picha.

Kisha nikaajiriwa kwenye meli ya kitalii. Nikapewa aproni na kalamu.

Kazi yenyewe iko hivi. Meli ikifika bandarini, wapo abiria wanaoshuka mapema kwenda matembezi ya nchi kavu. Saa hiyo ukumbi mkubwa wa chakula bado umefungwa. Kwa hiyo jioni wanajaza kadi na kuzining'iniza kwenye vitasa vya milango: nataka mayai, nataka uji, niletewe saa fulani.

Nazikusanya. Napanga nani ale nini, saa ngapi, ili amalize, aende msalani, alipate basi.

Ukisikia unaona rahisi. Baada ya miezi mitano nilikuwa nasinzia nimesimama, trei mkononi.

Ndipo meli ikabadilishiwa njia. Kwa mara ya kwanza ingefika Roatán.

Nyumbani.

Mama yangu, Melecia, amepika maisha yake yote. Misiba, harusi, sikukuu za kijiji, ukitaja shughuli yeye yuko jikoni. Pale kisiwani yupo mama mmoja, Bi Cordelia Ebanks, ndiye anayepanga matembezi ya watu wa meli. Nilimwandikia barua tatu nikimsihi awapeleke wageni wakanywe chai kwa Mama.

Barua ya tatu akajibu. Atajaribu kundi moja. Wageni wakila wakaridhika, watakuja kila baada ya wiki mbili. Wasiporidhika, hakuna mara ya pili.

Nikampigia Mama.

"Binti, nimeazima vikombe nyumba sita," akaniambia. "Ukuta nimeupaka chokaa. Hao watu wako watakula kweli?"

"Watakula, Mama."

"Maana watu wa meli huja wameshiba. Mimi nimewaona. Wanakigusa chakula kama wanakipima homa."

Nikakosa usingizi. Alikuwa anasema kweli. Mtu aliyemeza soseji nne alfajiri hawezi kutazama samaki wa kukaanga baada ya saa moja.

Kwa hiyo siku moja kabla, wale abiria wa Punta Gorda walipokusanyika kupewa maelezo, wakauliza swali wanalouliza siku zote: "Tule nini kabla ya kutoka?"

Nikasema, "Msile."

Wakatazamana.

"Chai na biskuti mbili zinatosha. Huko mnakokwenda mtakuta meza imejaa. Tunafika saa mbili kasorobo."

Nilimruhusu mmoja tu, Bwana Gordon, mzee mwenye sukari. Yeye nilimwandikia mayai mawili na mkate, nikamwambia asithubutu kuviacha.

Mpishi wetu wa asubuhi, Shefu Ainsworth, Mjamaika, akazipitia kadi zangu. Chai na biskuti. Chai na biskuti. Akaziweka chini.

"We mtoto, una akili timamu?"

"Ni kwa muda mfupi tu, Shefu."

"Mimi nina miaka kumi na tisa humu. Abiria akikosa bwawa la kuogelea, ananuna. Akikosa yai, anaandika barua."

"Watakula kwa mama yangu."

Akanitazama. Nadhani aliniona nilivyokuwa, macho mekundu na matumaini kibao.

"Haya," akasema. "Mungu amsaidie mama yako."

Niliomba nafasi ya kuwasindikiza, nikapewa. Saa moja kamili basi likaondoka bandarini. Giza lilikuwa bado halijaisha na dereva aliwasha taa. Nikaona ajabu kidogo, ila mtu akichoka haulizi maswali mengi.

Tulikuwa tumeshaenda dakika ishirini hivi, redio ya dereva ikasema: habari za asubuhi wasikilizaji, sasa ni saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Nikatazama saa yangu. Saa moja na dakika ishirini.

Nikaitikisa. Ilikuwa inatembea vizuri.

Ukikaa melini unaishi kwa saa ya meli. Kepteni akisema ni saa moja, ni saa moja, hata jua likatae. Na miezi yote mitano tulikuwa tukizunguka bandari ambazo saa zake zinalingana na zetu. Roatán iko nyuma kwa saa nzima.

Nilikuwa nimempa Mama saa ya meli. Yeye akaisikia kuwa saa ya nyumbani.

Mimi, niliyezaliwa pale, nimesahau saa ya kwetu.

Nikampigia Mama simu.

"Mama, mmefikia wapi?"

"Kufikia wapi? Unga ndo kwanza unaumuka. Shangazi yako anatafuta bao la kukunia nazi."

"Mama, tuko njiani."

"Nani?"

"Sisi. Wote."

Nikasikia sufuria ikianguka.

"Greisy," akasema kwa sauti ndogo, "nina rola kichwani."

Tulipofika, moto ulikuwa unafuka moshi tu. Samaki walikuwa kwenye beseni, wabichi, wanatutazama. Meza ilikuwa tupu kabisa. Mama alisimama mlangoni na rola zake, amevaa fulana iliyofifia ya kampeni ya diwani aliyeshindwa.

Bi Cordelia alikuwa ametangulia. Alinivuta pembeni.

"Hii ni nini sasa?"

"Kosa ni langu. Saa ya meli na saa ya…"

"Greisy, wageni hawali maelezo."

Nyuma yangu manung'uniko yakaanza. Mtu akauliza kama kuna duka karibu. Mwingine akasema angejua angekula soseji zake. Na aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bwana Gordon, mtu pekee aliyeshiba.

"Meza iliyojaa ndiyo hii?" akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimtazama Mama, naye akanitazama. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Ndipo mwanamke mmoja akajitokeza, mwalimu mstaafu, Bi Philippa. Akavua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni.

"Mimi nikikaa bure na njaa, njaa inazidi," akasema. "Hilo bao la nazi linakaliwaje?"

Shangazi Fermina hajui Kiingereza hata neno moja, lakini alielewa. Akamkalisha, akampa nusu ya nazi, akamwonyesha. Kisha akaniambia nitafsiri:

"Mwambie akune nazi, asikune vidole. Sisi hatuli wageni."

Nikatafsiri. Bi Philippa akacheka mpaka akapenga kamasi.

Basi kicheko kile kikafungua mlango. Wawili wakaenda kukanda unga. Mmoja akaomba kisu cha kuparia samaki, kumbe aliwahi kuuza samaki huko kwao. Shangazi akazunguka kinu, akawapima watu kwa macho, akamnyooshea kidole Bwana Gordon.

"Huyu anaonekana ameshiba. Mpe mchi."

Bwana Gordon akatwanga ndizi. Mwanzoni alitwanga kwa hasira. Baadaye alitwanga kwa fahari, akakataa kupokewa.

Mama alikuwa anakimbia kutoka moto hadi moto, anageuza mikate ya nazi, anakunja chapati za maharage na jibini, anaongeza chumvi watu wakigeuza migongo.

Walikula wamesimama, wengine wamekaa kwenye ngazi, unga mpaka kwenye nyusi. Walikula kama watu waliotoka kifungoni. Sahani zilirudi nyeupe.

Nikamtafuta Mama. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia bila sauti.

"Mama, wamekula! Wamemaliza kila kitu!"

"Mgeni amepika kwangu," akasema. "Mgeni, Greisy. Ameingia nyumbani kwangu na njaa, nikampa kazi. Mama yangu angekuwa hai ningemtazama vipi?"

Bi Cordelia akatokea, uso umebadilika kabisa.

"Melecia! Nimekutafuta. Umepita. Kila baada ya wiki mbili, kuanzia safari ijayo."

Mama akasimama, akajifuta uso kwa fulana. Nikamrukia shingoni. Nilihisi kama zile kurasa themanini zimeota miguu.

"Ila iwe hivi hivi," Bi Cordelia akaongeza.

"Hivi vipi?" Mama akauliza.

"Wakukute hujawa tayari. Moto unafuka, nazi hazijakunwa. Hiyo fulana. Na hizo rola."

Mama akacheka, akidhani ni utani.

Bi Cordelia hakucheka.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile, na kila safari ya Roatán huwa naomba kusindikiza. Nimeona kwa macho yangu.

Mama huamka alfajiri sana, kwa sababu hajui kuamka vinginevyo. Anapika mkate wake, anaugawa kwa majirani kabla hakujapambazuka. Anafagia. Anaosha vyombo. Anachana nywele zake vizuri.

Halafu anazirudisha kwenye rola.

Anavaa fulana ya diwani. Anamwaga maji kidogo kwenye moto ili ufuke. Anakaa kitini, mikono mapajani, anasubiri honi ya basi.

Honi ikilia, anatoka mbio.

"Jamani! Mmefika mapema!"

Wageni wanaangua kicheko. Wananawa mikono, wanagombea mchi. Na mimi siku moja kabla huwa nimeshawaambia: chai na biskuti mbili, basi. Siku hizi imechapishwa kabisa kwenye kadi.

Safari iliyopita wageni walipokuwa wanapanda basi, nilikaa naye dakika chache. Mikono yake ilikuwa imelegea kama nguo zilizoanikwa.

"Umechoka, Mama?"

"Kupika? Hapana."

"Ila?"

Akatoa rola moja, akaizungusha kwenye vidole.

"Nimechoka kushtuka."

Nilitaka kucheka. Nikaona hatanii.

"Wananipenda, naona," akaendelea. "Wananikumbatia, wananiita mama. Lakini wanaondoka hapa wakijua Melecia ni mwanamke asiyejua kujiandaa kupokea watu. Hao thelathini, na wale thelathini waliotangulia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona mimi."

Dereva akapiga honi. Ilibidi niondoke.

Usiulize nilijisikiaje njiani. Miezi yote nilikuwa namhesabia Mama ushindi wake, kumbe yeye alikuwa anauvaa kama kiatu kinachobana.

Usiku haukupita, nikamwandikia Bi Cordelia. Barua ya nne. Nilimwomba kundi moja tu, lifike na kukuta meza imetandikwa, mkate umeiva, Mama amevaa gauni lake la mirabamiraba na kitambaa chake cha kichwani. Mgeni anawe, akae, ale.

Majibu yakaja jana: "Kundi moja, mwezi ujao. Wasipopenda, tunarudi kwenye rola."

Nikamsomea Mama kwenye simu. Hakupiga vigelegele. Akasema, "Gauni lile linataka kupunguzwa kiunoni. Nimepungua."

Sijui kama wageni watapenda. Huenda wakala kwa heshima, wakashukuru, wakaondoka bila picha hata moja, na kazi ikaishia hapo. Nimemwambia hivyo waziwazi. Akasema anajua, na anataka hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, nilidhani kumsaidia mtu ni kumtafutia watu wa kula chakula chake. Nilipanga kila kitu, mpaka njaa ya abiria niliipanga. Kitu kimoja sikukipanga, maana hakikuwa changu kukipanga: Mama anataka aonekane akiwa nani.

Kama unamhangaikia mtu wako, hangaika, usiache. Ila kaa naye kwanza umuulize: mambo yakikunyookea ungependa watu wakuone ukiwaje?

Swali lenyewe halimalizi hata dakika. Mama ana miaka hamsini na minane, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi, mwenye kurasa themanini, ndiye niliyepaswa kuwa wa kwanza.