Mashine Tatu za Kupumulia

Mimi sijawahi kuamini orodha ambayo sikuiandika mwenyewe. Kwa hivyo muuguzi wa kliniki ya kifua aliponiambia kwamba mamangu ni wa pili, nilimwomba anionyeshe. Alikataa, akasema ina majina ya wagonjwa wengine. Hapo hapo nikajua kuna jambo.

Hospitali ilikuwa na mashine tatu za oksijeni za kuazima nyumbani. Unaichomeka kwenye stima, inachuja hewa na kumpa mgonjwa oksijeni kupitia mrija wa puani. Ukipewa, unakaa nayo mpaka usiihitaji tena, na kwa ugonjwa kama wa mamangu hilo lilikuwa na maana moja tu. Mashine ikirudi hospitalini, aliyekuwa nayo amezikwa. Sote tuliokuwa tukingoja tulijua tunangoja nini, na hakuna aliyelisema.

Mamangu alipika jikoni mwa shule karibu na Kasikeu kwa zaidi ya miaka ishirini. Sufuria kubwa, kuni mbichi, dirisha moja. Moshi ule ulimwachia mapafu ambayo daktari alisema hayatarudi kuwa mazima. Kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika mara mbili.

Mashine ya kwanza iliporudi, alipewa mzee mwenye duka kule Salama. Eti ndiye aliyekuwa wa kwanza. Sawa, sasa wa kwanza ni sisi. Ya pili iliporudi, alipewa mama mmoja wa Mbumbuni aliyeingia kliniki miezi miwili baada yetu. Najua kwa sababu siku yake ya kwanza mimi ndiye niliyemwonyesha mahali pa kupimia uzito. Sasa ametupitaje?

Nikaanza uchunguzi. Niligundua kwamba binti yake na muuguzi wanasali kanisa moja. Niligundua kwamba mzee wa Salama ana gari jeupe, na muuguzi aliwahi kuonekana akishuka kwenye gari jeupe. Kwamba magari meupe ni mengi mno, hilo halikunisumbua. Nilimpelekea muuguzi kilo tano za ndengu ili nimpime. Alizikataa mbele ya watu, tena kwa tabasamu. Mtu mwingine angesema huyu ni mwaminifu. Mimi nilisema ndengu ni kidogo, huyu amezoea mbuzi.

Kila mwanzo wa mwezi alinipigia simu. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Nami nilijibu kama tulivyolelewa kujibu. Kwetu mtu akikuuliza hali unasema nesa, vizuri, hata kama nyumba inaungua. Malalamiko yanakuja baadaye, baada ya chai. Kanisani kwetu ndiyo zaidi: hukiri ugonjwa kwa kinywa chako, unakiri uponyaji. Tena mama alikuwa amelala hapo hapo, masikio wazi. Ningesema nini? "Anaendelea vizuri, sista, tunamshukuru Mungu." Muuguzi alishukuru, akakata. Hata hilo nililishuku. Simu fupi hivyo, niliona anauliza ili tu ionekane ameuliza.

Wiki ambayo mama wa Mbumbuni alipewa mashine, nilienda kliniki bila miadi na kuingia bila kubisha.

"Sista, hiyo listi yenu ni ya kujuana," nilimwambia. "Sisi tulitangulia. Mnatuzungusha kwa sababu hatuna mtu hapa?"

Alinisogezea kiti. "Keti, mama. Hapa hakuna kutangulia, hii si foleni ya maji. Tunaangalia nani amezidiwa, na kama mashine itamsaidia. Gari ya kutembelea wagonjwa iliharibika mwaka jana. Macho yetu ni nyinyi wa nyumbani."

Akafunika majina ya wengine kwa karatasi, akanisomea mstari wetu mwezi kwa mwezi. Anaendelea vizuri. Ana nafuu. Hana shida, anakula. Anaendelea vizuri. Mwezi wa "hana shida" ndio mwezi ambao mama alianza kulala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Nilikagua mwandiko nione kama umebadilishwa. Kalamu zilikuwa tofauti, hapa bluu, pale nyeusi, lakini maneno yalikuwa yangu.

"Na siku ile tulimleta mkampima?"

"Alikuja amejipaka mafuta, kitambaa kipya kichwani, akaniambia nesa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa chini, ndiyo nikamwandika wa pili. Halafu wewe ukawa unaniambia ako na nafuu. Mimi hata nilifurahi. Nikamrudisha nyuma."

Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Sikuomba msamaha, nilimwuliza tu kwa nini hakunieleza. Akasema alinieleza siku ya kwanza. Labda. Siku ya kwanza nilikuwa nikijaribu kusoma ile orodha kutoka upande wa pili wa meza.

"Nitapiga Jumatatu," alisema. "Uniambie vile ako. Vile ako kweli."

Jumatatu simu ilipolia nilitaka kutoka nayo nje, lakini mama alinishika leso. "Ongea hapa," akasema.

Nikaongea. Nilisema hawezi tena kulala chali. Nilisema midomo yake hubadilika rangi nikimaliza kumwogesha, maana siku hizi ninamwogesha mimi. Nilisema anaacha nusu ya uji kwa sababu hawezi kumeza na kupumua pamoja. Nilisema naogopa kwenda sokoni nisije nikarudi nikamkosa. Muuguzi aliandika, kisha akasema atamtuma mwenzake kwa pikipiki aje ampime, na kama ni hivyo, mashine itakayorudi ni yetu.

Ilifika siku ya tisa. Sikuuliza imetoka kwa nani. Na wale tuliowapita sijui wananiwazia nini. Ningekuwa wao, ningewaza mabaya.

Lakini Jumatatu ile, nilipoweka simu chini, sikuweza kumtazama mama. Niliona nimemzika angali hai. Alitafuta pumzi ya kusemea, akaipata.

"Kumbe ulikuwa unaona," alisema. "Mwaka mzima nimedhani niko peke yangu."