Kidole Gumba Juu ya Taa Nyekundu

Bosi wetu hakuwahi kupanda mnara wa simu hata mmoja. Ofisi yake ilikuwa Nyalukemba, dirisha likitazama ziwa, na viatu vyake havikujua tope, jambo ambalo hapa Bukavu linahitaji kipaji. Tulimwita chef. Kazi yake ilikuwa kufunga tiketi, yaani taarifa za hitilafu, na alizifunga kwa pupa kama mtu anayefukuza kuku sebuleni. Hakuuliza kama watu wanaweza kuongea. Aliulizia picha.

“Miye sitaki histoire, maneno mingi,” alizoea kusema. “Mutume foto ya taa za kijani, nafunga.”

Taa hizo ni za ruta, kisanduku cha chuma kinachokaa chini ya mnara. Mnara huzungumza na simu yako, lakini ruta ndiyo inayoyabeba maneno yako hadi mjini. Ikigoma, simu inaweza kuendelea kukuonyesha vijiti vinne vya rezo, yaani mtandao, kwa majivuno, na maneno yasiende popote. Nilieleza hivyo mkutanoni siku moja. Chef akaniambia mimi si mwalimu.

Basi tukawa mafundi wa picha. Mwenzetu mmoja alitembea na kitambaa cha kupangusia vumbi, ili ruta ipendeze. Tukiomba vipuri, kimya. Tukituma picha nzuri, tunapongezwa na ofisi nzima. Niliwadharau wote. Nilijiona mwenye akili peke yangu kati ya wapumbavu, na nalisema hilo waziwazi kwa sababu ndilo linaloniuma.

Siku moja nilitumwa Kavumu, anakoishi maman wangu. Ruta ya pale ilikuwa na taa tano za kijani na moja nyekundu, na hiyo nyekundu ndiyo ilikuwa ya njia ya kwenda mjini. Kifaa cha kubadilisha sikuwa nacho. Mvua ilikuwa inashuka kutoka milimani, nami nilitaka kufika mjini kabla barabara haijaharibika. Nikaweka kidole gumba juu ya taa nyekundu, nikapiga picha, nikaituma kwa kutumia laini ya kampuni nyingine. Chef akajibu kabla sijafunga lango: “Bravo.” Nikajiambia nitarudi kesho. Gari likapita karibu na nyumba ya maman na sikushuka hata kumsalimu.

Kesho yake sikurudi. Tiketi ikishafungwa, hakuna anayekupa gari kwa ajili yake. Nilirudi siku ya nne, tena kwa sababu wageni kutoka makao makuu ya Kinshasa walitaka picha mpya.

Safari hiyo nilipita nyumbani. Maman alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu umevimba, umefungwa vipande vya mbao na jirani anayejidai kujua mifupa. Alikuwa ameteleza kwenye shamba lake la maharage, mchana uleule nilipopita na gari.

“Nilikupigia ukuje na gari unipeleke ku hôpital,” aliniambia. “Unakata. Nikapiga tena, unakata. Nikasema pengine ni rezo. Nikaangalia ku telefone, vijiti vyote vine! Rezo ilikuwa muzuri, mwana wangu. Ni weye ulikuwa unakata.”

Ningeweza kumweleza habari za ruta. Lakini ningelazimika kumweleza na habari za kidole.

“Nilikuwa ku kazi, maman,” nikasema. “Unisamehe.”

Akanisamehe papo hapo, kosa ambalo sikulifanya.

Nilimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alisema tumechelewa, mguu hautanyooka vizuri. Sasa anatembea na fimbo. Majirani wakilalamika juu ya kampuni yetu, yeye huitetea. Anawaambia rezo ya Kavumu haina shida yoyote, ni watoto tu ndio hawataki kupokea simu za mama zao.